Namna ya Kuchagua Mlalo Ukiwa na Neva Iliyobanwa

Mwenye maumivu ya neva (mshipa wa fahamu) iliyobanwa huambiwa mengi: lala chali, usilale kifudifudi kabisa, tafuta godoro gumu. Ushauri uleule humponya mmoja ukamkesha mwingine, kwa kuwa neva hazibanwi mahali pamoja. Mwenye diski (kile kigodoro kilicho kati ya pingili za mgongo) iliyochomoza kiunoni na mwenye mfereji wa uti wa mgongo uliosongwa kwa umri wote hulalamika mguu, lakini mlalo unaomtuliza huyu unaweza kumtesa yule. Kwa hiyo usianze na mto. Anza kwa kujua neva yako inabanwa wapi na ni mkunjo gani unaoibana zaidi, kisha panga kitanda kiuzuie mkunjo huo wakati wewe mwenyewe huna habari.

Mchana kiungo kikianza kufa ganzi unajigeuza hata bila kufikiri. Usingizini misuli hulegea, na kifundo cha mkono au kiwiko kinaweza kukaa kimekunjwa saa nzima. Neva ina mishipa yake midogo ya damu. Ikikandamizwa kwa muda, damu haipiti vizuri, na hapo huja ganzi, sindano sindano na ule mwako unaokuamsha saa nane ya usiku. Pombe na dawa za usingizi huongeza tatizo, maana humfanya mtu alale bila kugeuka.

Kabla ya mto: dalili zisizosubiri

Nenda hospitali usiku huohuo ukiona ganzi sehemu za siri, kuzunguka njia ya haja kubwa au ndani ya mapaja, ukishindwa kukojoa au usipohisi mkojo unapotoka, ukishindwa kuzuia haja, au miguu yote miwili ikilegea ghafla. Hapo neva za mwisho wa uti wa mgongo zinabanwa kwa pamoja, na saa chache zina maana kubwa.

Muone daktari ndani ya siku chache ikiwa unyayo unaburuzika unapotembea, mkono unaangusha vitu, au udhaifu unaongezeka siku hadi siku. Vidole vinavyoshindwa kufunga vifungo pamoja na miguu inayoyumba ni dalili kwamba uti wenyewe umebanwa shingoni. Na maumivu ya usiku yasiyobadilika hata ulale vipi, hasa yakiambatana na homa, kukonda bila sababu au historia ya saratani, yachunguzwe kwanza. Hayo si ya kutatuliwa kwa mlalo.

Hatua ya kwanza: tafuta mahali panapobana

Chora mwili kwenye karatasi na utie rangi pale ganzi au mwako unapofika. Usitie rangi mgongo mzima kwa sababu tu unauma. Fuata ule mstari unaoshuka.

- Kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, ganzi ikikuamsha na kupungua unapoukung'uta mkono: neva inabanwa kwenye kifundo cha mkono.
- Kidole cha mwisho na nusu ya pili ya cha pete: mara nyingi ni kiwiko, upande wa ndani, pale unapopigiza ukahisi kama umeme.
- Maumivu ya shingo au nyuma ya bega yanayoshuka mkononi, yanayozidi ukitazama juu au ukiinamisha kichwa upande unaouma, na yanayopungua ukiweka kiganja juu ya utosi: shingo.
- Kalio, nyuma au pembeni mwa paja, shavu la mguu hadi unyayoni: kwa kawaida pingili za chini za kiuno.
- Ngozi ya upande wa nje wa paja tu, inayowaka au kufa ganzi bila mguu kulegea: neva ya ngozi ya paja, inayobanwa karibu na kinena.
- Nje ya ugoko na upande wa juu wa wayo: neva inayozunguka mfupa chini kidogo ya goti, upande wa nje.

Mtu anaweza kubanwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, kwa mfano shingoni na kwenye kifundo cha mkono. Mchoro huu haumwondoi daktari kazini. Unakusaidia kujua pa kuanzia usiku wa leo, na utamfaa yeye pia.

Hatua ya pili: pima mlalo ukiwa macho

Hatua hii ni ya mwenye maumivu ya kiuno na mguu, na ndiyo wengi wanayoiruka. Ifanye mchana, wakati maumivu ni ya wastani.

1. Kabla ya kulala chini, taja mahali pa mbali zaidi dalili zinapofika: vidole, kifundo, goti, au kalio.
2. Lala chali, miguu ikiwa juu ya kiti au rundo la mito, nyonga na magoti yakiwa yamekunjwa. Kaa dakika 10. Taja tena dalili zinafika wapi.
3. Pumzika, tembea kidogo, kisha lala kifudifudi na mto mwembamba chini ya tumbo kwa dakika 5. Dalili zikishuka chini zaidi, acha mara moja.
4. Pumzika tena, lala ubavu, upande unaouma ukiwa juu, mto kati ya magoti, dakika 10.

Kanuni ya kusoma majibu ni hii: dalili zinazorudi kutoka mguuni kuelekea kiunoni ni dalili njema, hata kiuno chenyewe kikiuma zaidi kidogo. Dalili zinazosogea kutoka kalioni kwenda unyayoni ni mbaya, hata kama kiuno kimetulia. Watu wengi husoma kinyume. Huuchagua mlalo uliotuliza kiuno huku ganzi ikizidi kushuka mguuni, kisha wanashangaa asubuhi mguu haukanyagi sawasawa.

Mwenye mfereji uliosongwa kwa kawaida hutembea akiwa ameinama, na hupata nafuu akikaa au akiegemea toroli. Kukunja mgongo kunampanulia mfereji na kuunyoosha kunaubana, hivyo mlalo wa namba 2 hapo juu utampendeza na wa namba 3 utamuumiza. Mwenye diski iliyochomoza mara nyingi huumia akikaa sana, akiinama, akikohoa au kupiga chafya. Baadhi yao hutulia mgongo ukiwa umenyooka au umebonyea kidogo kuelekea mbele. Lakini si wote, ndiyo maana unapima.

Hatua ya tatu: panga kitanda

Andaa mito minne na taulo mbili kubwa za kuoga. Vifaa maalumu vinaweza kusubiri; taulo unaikunja na kuikunjua mpaka unene utakapokufaa, jambo ambalo mto wa dukani hauwezi.

*Kulala ubavu, kwa maumivu ya mguu*

Huu ndio mlalo unaowafaa wengi, na ndio unaoharibiwa na makosa madogo mengi zaidi. Anza na upande unaouma ukiwa juu.

Mto wa kichwa ujaze pengo lote kati ya sikio na godoro, ili pua ilingane na katikati ya kifua. Mto mwingine uwe mrefu, uanze magotini na ufike hadi kwenye vifundo vya miguu. Kosa la kawaida ni kuweka kijito kidogo magotini tu: mguu wa juu unaning'inia kuanzia gotini, paja linajisokota kwa ndani, misuli ya kalio inavutwa, na neva kubwa ya mguu inapita karibu nayo. Goti na kifundo cha mguu wa juu vitulie kwenye kimo cha nyonga.

Magoti yakunjwe kiasi. Mwenye mfereji uliosongwa akunje zaidi, kwa kuwa kwake kukunja ni kupanua. Mwenye diski asijikunyate mpaka magoti yakaribie kifua, maana mgongo ukipinda hivyo kwa saa nyingi unaikandamiza diski kwa mbele na kuisukuma nyuma, zilipo neva.

Sasa taulo ya kiuno. Ukilala ubavu kwenye godoro laini, kiuno hudidimia katikati ya mbavu na nyonga, na pingili za upande wa juu, ule unaouma, hubanana. Kunja taulo iwe gogo lenye unene wa sm 5 hivi, ulale nalo chini ya kiuno, kati ya mbavu za mwisho na mfupa wa nyonga. Kiuno kinapoinuliwa, tundu la kutokea neva upande wa juu linafunguka. Lisikae chini ya mbavu wala chini ya nyonga; hapo linasukuma mahali pasipo. Ukihisi limezidi, punguza mkunjo mmoja. Ili lisitoroke usiku, lifunge kiunoni kwa shuka jembamba bila kukaza.

Mto wa tatu ukumbatie mbele ya kifua, ubebe mkono wa juu. Usipokuwepo, mkono unaangukia mbele, kifua kinafuata, na kiuno kinajisokota hata kama miguu imepangwa vizuri. Wa nne uwe nyuma ya mgongo kama ukuta, kwa mwenye tabia ya kugeuka chali usingizini.

*Kulala chali*

Usiuweke mto nyuma ya goti peke yake. Pale pana neva na mishipa ya damu. Mto, au miwili, ianzie chini ya mapaja na kushika sehemu ya shavu la mguu, visigino vikigusa godoro kwa wepesi. Magoti yakiwa yamekunjwa, neva kubwa ya mguu haivutwi. Miguu iliyonyooka kabisa huivuta, ndiyo sababu wengine huamka dakika chache tu baada ya kulala chali bila mto. Kama kipimo cha mchana kilionyesha kwamba mgongo uliobonyea ndio unaokutuliza, ongeza taulo bapa yenye unene wa sm 2 hadi 3 chini ya kiuno.

Chali si mlalo wa kila mtu. Anayekoroma huku pumzi zikikatika atafute ubavu. Mjamzito kuanzia wiki ya 28 anashauriwa kuanza usingizi akiwa ubavu. Na ganzi ya kifundo cha mkono na ya paja huwapata sana wajawazito, basi mito ya ubavu ni ya kwao hasa.

*Kifudifudi, na nusu kukaa*

Kifudifudi humlazimu mtu kugeuza shingo upande mmoja usiku kucha, huzidisha mbonyeo wa kiuno na huikandamiza ile neva ya ngozi ya paja pale kinenani. Kama kilikutuliza mchana, kitumie dakika 10 hadi 15 kabla ya kulala, paji la uso likiwa juu ya taulo iliyokunjwa ili shingo isigeuke, kisha hamia ubavu.

Kuegemea kwa nusu kukaa kunamsaidia mwenye mfereji uliosongwa na wakati mwingine mwenye shingo inayowaka. Mgongo mzima uinuliwe, kuanzia kiunoni, si kichwa na mabega peke yake. Weka mto chini ya mapaja kwanza. Bila huo utateleza polepole, na kufikia usiku wa manane kidevu kitakuwa kifuani na kiuno kimepinda.

*Shingo*

Mwenye neva iliyobanwa shingoni akwepe mambo mawili: kichwa kuanguka nyuma na kichwa kuinama upande unaouma. Yote mawili hupunguza tundu linapotokea neva. Ukilala chali, mto ushike shingo na kichwa, mwembamba wa kutosha uso utazame dari moja kwa moja. Kidevu kikielekea kifuani, umezidi. Kikielekea juu, umepungua. Mabega yawe kwenye godoro, si juu ya mto.

Ukilala ubavu, lala upande usiouma. Kimo cha mto hutegemea upana wa bega lako na jinsi godoro linavyodidimia. Kwa watu wazima wengi huwa kati ya sm 10 na 15 baada ya kukandamizwa na kichwa. Mwambie mtu akupige picha kwa nyuma: mstari wa uti wa mgongo kutoka kiunoni hadi kisogoni uwe mnyoofu. Picha hiyo inaonyesha kile ambacho mwenyewe huwezi kukihisi.

Mkono unaouma uupe mto wake, mbele ya kifua au pembeni. Uzito wa mkono ukining'inia huvuta bega chini, na bega huvuta neva za shingo. Wapo wanaolala chali na kuona mkono unatulia ukiwa juu ya kichwa. Hiyo ni nafuu ya kweli ya neva ya shingo, lakini uwekee mto chini ya kiwiko usije ukabana bega.

*Kifundo cha mkono na kiwiko*

Kwa kifundo, mlalo wa mwili si hoja sana kuliko mkunjo wa kiganja. Kiganja kikikunjwa mbele au nyuma, shinikizo ndani ya njia ya neva hupanda. Dawa ni banzi la usiku linalokishika kikiwa kimenyooka. Chunguza bati lililo ndani ya banzi: mengi hutoka dukani yakiwa yamepinda na kuinua kiganja nyuma. Lichomoe, linyooshe kwa mkono, ulirudishe. Kamba zisikaze, kidole kimoja kiweze kupita chini yake, na vidole vyote viweze kujikunja. Livae kila usiku kwa wiki 6 kabla ya kuamua kama linafaa au halifai. Wengi huliacha baada ya usiku wa tatu, neva haijapata hata nafasi ya kupumua.

Kiwiko nacho hakitaki kukunjwa kupita robo duara, kwa sababu neva hunyooshwa kuzunguka mfupa. Zungushia kiwiko taulo laini, sehemu nene ikiwa mbele, kwenye mkunjo, uifunge kwa bandeji pana bila kukaza. Lengo si kukinyoosha kama fimbo. Mkunjo mdogo unaruhusiwa. Usilale na mkono chini ya mto, chini ya shavu wala chini ya kichwa cha mwenzako, na upande wa ndani wa kiwiko usiegemee mbao za kitanda.

*Paja na goti*

Ganzi ya nje ya paja hutulia nyonga ikiwa imekunjwa kidogo: chali na mito chini ya mapaja, au ubavu wa upande usiouma. Vua nguo ya ndani yenye mpira unaobana kinenani. Kwa neva ya nje ya goti, upande unaouma uwe juu, na hakikisha mguu haulalii ukingo wa kitanda wala haukutani na mwenzake bila mto.

Hatua ya nne: usiku tatu kwa kila badiliko

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukipe usiku tatu, isipokuwa banzi la mkono, ambalo lina wiki zake 6. Ukibadilisha mto, godoro na banzi siku moja, hutajua kilichosaidia. Kila asubuhi andika mambo manne: dalili zilifika wapi, zilikuamsha mara ngapi, uliamka ukiwa katika mlalo gani, na zilichukua muda gani kuondoka baada ya kuinuka.

Kugeuka usingizini ni afya, usijifunge usigeuke. Kitanda kizuri ni kile ambacho hata ukigeuka unaangukia mlalo unaovumilika.

Kuhusu godoro, gumu sana halina fadhila zinazosemwa. Utafiti wa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, uliochapishwa katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2003, ulionyesha godoro la ugumu wa wastani likiwapa nafuu kuliko gumu. Hao hawakuwa wagonjwa wa neva hasa, lakini sababu inaeleweka: gumu halipokei bega na nyonga, kiuno kinabaki hewani. Lililobonyea katikati nalo ni baya vilevile. Kama hulibadilishi leo, weka ubao chini ya pale palipobonyea.

Ukitumia chupa ya maji ya moto, usiiweke penye ganzi. Ngozi isiyohisi huungua bila kukuambia, na mwenye kisukari yuko hatarini zaidi.

Kugeuka na kuamka

Mgonjwa anaweza kulala vizuri kwa saa saba na kuharibu yote kwa kunyanyuka vibaya. Kunja magoti, geuka ubavu mabega na nyonga vikienda pamoja, teremsha miguu ukingoni huku ukisukuma kwa kiwiko na kiganja cha mkono mwingine. Kaa kidogo kabla ya kusimama. Vilevile kugeuka katikati ya usiku: kaza mto kati ya magoti, geuka navyo vyote kwa pamoja.

Diski hufyonza maji usiku na asubuhi huwa zimejaa. Katika saa ya kwanza usiiname kufunga kamba za viatu, kuokota kitu sakafuni wala kunyoosha mgongo kwa kugusa vidole vya miguu. Kaa, inua mguu ukuelekee.

Wiki 6 zikipita

Kama dalili bado zinakuamsha, nenda kwa daktari na mchoro wako na kumbukumbu za asubuhi. Kwa mkono, muulize kuhusu kipimo cha umeme cha neva, sindano ya kupunguza uvimbe na upasuaji wa kufungua njia ya neva. Kwa kiuno na shingo, muulize kama picha ya MRI inahitajika, na umwombe akuelekeze kwa mtaalamu wa fiziotherapia, ukimwambia ni mlalo upi uliorudisha dalili juu na upi uliozishusha. Msuli wa chini ya kidole gumba ukianza kubonyea, au kidole kikipoteza hisia kabisa mchana kutwa, usimalize hizo wiki 6. Neva iliyofika hapo inaweza isirudi yote hata ikifunguliwa, na kila mwezi wa kungoja unapunguza kinachoweza kurudi.